SOMO LETU: Seng'enge Inavyonyonga Mti



Mvua ilipoanza tulipita kwenye mpaka wa shamba la kikundi hapa Keringet, tukakuta grevilea sita zimekauka vileleni. Tukafikiri ni wadudu. Kumbe ni sisi wenyewe! Wakati wa kujenga ua tulibania misumari, tukazungusha seng'enge kwenye mashina. Sasa juu ya waya gome limevimba kama shingo yenye rovu.

Jaribuni hivi: kateni tawi changa wakati wa mvua, mbandue gome. Mmesikia ule utelezi kidoleni? Hapo ndipo mti unaponenepa. Tabaka hilo huitwa kambiamu. Seli zake hugawanyika bila kuchoka. Za upande wa ndani zinakuwa mbao, yenye mishipa ya kupandisha maji kutoka mizizini. Za upande wa nje zinakuwa gome la ndani, ambalo hushusha chakula kilichotengenezwa na majani. Shina linanenepa lakini waya hautanuki, basi njia ya chakula inabanwa. Maji bado yanapanda, kwa hiyo majani yanabaki kijani kwa muda na kutudanganya, kumbe chini mizizi inakufa njaa.

Mama mmoja kikundini aliuliza: seli moja inajuaje iwe mbao, na jirani yake iwe gome? Swali zuri hilo. Fikirieni kwaya. Kila mwimbaji ana kitabu kilekile, lakini soprano haimbi mstari wa besi. Kila seli ya mti nayo ina jeni zilezile, ila inasoma sehemu yake tu. Zamani wataalamu walisaga kipande kizima cha mti, ikawa kama kusikiliza kwaya ukiwa nje ya kanisa. Siku hizi wanaweza kumsikiliza mwimbaji mmoja mmoja. Mwaka 2023 watafiti wa Taiwan walichapisha kazi ya namna hiyo juu ya aina nne za miti, mmojawapo ukiwa Eucalyptus grandis, mkaratusi ule ule tunaoupanda kwa kuni na nguzo. Walifuata seli tangu kwenye kambiamu hadi zikawa mbao. Kazi hiyo ni ya maabara; kitalu chetu bado hakijapata mche wowote kutokana nayo.

Lakini kambiamu tunayo mikononi kila siku. Angalieni tendwet, ambayo Wakikuyu huita muiri. Tangu 1995 biashara ya kimataifa ya magome yake husimamiwa na mkataba wa CITES, maana miti mingi Afrika ilichunwa ikafa. Anayechuna gome kuzunguka shina lote amefanya kazi ya seng'enge kwa siku moja. Kwa mti wako wa shambani, chukua ukanda mwembamba upande mmoja, uache pande nyingine nzima, na usikwangue ule utelezi.

Kuhusu ua, tumeamua kuweka nguzo. Asiye na nguzo apigilie kipande cha ubao kwenye mti kwanza, kisha waya ushikwe na ubao, wala asizungushe.

Kati ya zile grevilea sita, mbili waya ulikuwa umelegea na gome bado ni zima upande mmoja. Tumeukata. Tutazikagua tena mwezi wa nane.