SOMO: Siku Rupia ya Zanzibar Ilipogeuka Shilingi



Tarehe 30 Novemba 2013, hapa Kampala, wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walitia saini mkataba wa kuwa na fedha moja. Ilikusudiwa ianze 2024, lakini sasa lengo ni 2031. Ikifika siku hiyo, mshahara wa kiwandani, kodi ya chumba Kamwokya na bei ya unga sokoni vyote vitahesabiwa upya. Tujifunze basi kwa waliotutangulia.

Rupia yaondoka

Mwaka 1908 Serikali ya Zanzibar ilianza kutoa noti zake za rupia. Mwaka 1921 Uganda, Kenya na Tanganyika ziliingia katika shilingi ya Afrika Mashariki, iliyosimamiwa na Bodi ya Sarafu yenye makao London. Zanzibar ilibaki na rupia mpaka 1 Januari 1936, ndipo nayo ikaingia katika shilingi. Rupia 1 ilibadilishwa kwa shilingi 1 na senti 50.

Tupige hesabu

Mwenye mshahara wa rupia 20 alistahili shilingi 30. Namba imekua, mshahara haukukua. Tajiri akitoa shilingi 25 na kusema, "Nimekuongeza," amekupunja shilingi 5.

Tazama pia sarafu ndogo. Rupia 1 ilikuwa na pesa 64, na shilingi moja na nusu ni senti 150. Kwa hiyo pesa 1 ni senti 2 na theluthi hivi. Kitu cha pesa 1 kikiuzwa senti 3, bei imepanda kwa zaidi ya robo. Kibarua wa pesa 1 kwa kipimo akilipwa senti 2, amepunguziwa kama asilimia 15. Mnyonge huumia katika vichenji.

Mambo ya hapa kwetu

Shilingi ile ya pamoja haikudumu. Mwaka 1966 kila nchi ilitoa fedha yake. Benki ya Uganda ilifunguliwa 15 Agosti. Shilingi zilianza zikiwa sawa, lakini leo shilingi 1 ya Kenya hununua shilingi nyingi za Uganda.

Mei 1987 Uganda ilitoa shilingi mpya. Sifuri mbili zilifutwa, na serikali ikakata asilimia 30. Aliyepeleka noti za zamani za shilingi 100,000 alistahili mpya 1,000, lakini alipokea 700. Basi wanaobadilishiwa fedha waulize mambo mawili: kiwango ni kipi, na kinakatwa nini?

Kazi ya chama

Mikataba ya kazi iandikwe kwamba fedha ikibadilika, mshahara utageuzwa kwa kiwango halali, na kipande kinachobaki kijazwe kwa faida ya mfanyakazi. Akiba ya NSSF, mikopo na kodi za nyumba zigeuzwe kwa kiwango hicho hicho. Maduka yaonyeshe bei kwa fedha zote mbili, kama ilivyofanyika Ulaya noti za euro zilipoanza kutumika 2002.

Maswali ya kujadiliana tawini

1. Mshahara wa rupia 14 ulistahili shilingi ngapi?
2. Mkataba wetu unasema nini fedha ikibadilishwa?
3. Nani atakagua hesabu kabla hatujatia saini?