PCOS: Kudhibiti Uzito kwa Chakula cha Nyumbani

Hedhi inapokosekana kwa miezi mitatu na kipimo kuonyesha kuwa hakuna mimba, wanawake wengi hungoja tu. Wengine huambiwa ni mawazo, ni unene, au wamerogwa. Mara nyingi kuna sababu ya kitabibu, na mojawapo ni hali ya homoni iitwayo PCOS. Duniani, hali hii humpata karibu mwanamke 1 kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa, na wengi wao hawajui kuwa wanayo.

PCOS ni nini?

Mwili wa mwenye PCOS huwa na homoni za kiume nyingi kuliko kawaida. Yai huenda lisikomae na kutoka kila mwezi, ndiyo maana hedhi huchelewa au kukosekana. Dalili nyingine ni chunusi, nywele kuota kidevuni au kifuani, nywele za kichwani kupungua, na ugumu wa kushika mimba.

Daktari hutafuta angalau mambo 2 kati ya haya 3: hedhi isiyo na mpangilio, dalili za homoni za kiume kuzidi, na ovari zenye vifuko vidogo vingi kwenye picha ya ultrasaundi. Kwanza huhakikisha kwamba tatizo si jingine, kwa mfano la tezi ya thairoidi. Wanawake wembamba pia hupata PCOS.

Kwa nini uzito ni mgumu kupungua?

Insulini ni homoni inayosaidia sukari kutoka kwenye damu na kuingia kwenye seli. Kwa wengi wenye PCOS, seli haziitikii insulini vizuri, hivyo kongosho hutengeneza nyingi zaidi. Insulini ikizidi huchochea ovari kutoa homoni za kiume na huchangia mafuta kujaa tumboni. Kwa hiyo mwanamke anayehangaika na uzito si mvivu wala mlafi. Mwili wake una kikwazo cha ziada.

Habari njema ni kwamba lengo si kubwa. Kwa mwenye uzito uliozidi, kupunguza asilimia 5 hadi 10 kunaweza kurekebisha hedhi na kupunguza hatari ya kisukari. Kwa mwanamke wa kilo 80, hizo ni kilo 4 hadi 8. Hata uzito usipopungua, chakula bora na mazoezi huimarisha afya yake.

Sahani ya nyumbani

Hakuna chakula maalumu cha PCOS. Nusu ya sahani iwe mboga kama kunde, mchicha au sukuma wiki. Robo iwe pojo, mbaazi, maharagwe, mayai, samaki au kuku. Robo inayobaki iwe ugali, wali au chapati.

Isyo ina faida kuliko muthokoi, kwa sababu mahindi ya muthokoi hutolewa ganda, na ganda hilo lina nyuzinyuzi zinazochelewesha sukari kuingia kwenye damu. Anayependa muthokoi aongeze mbaazi na apunguze mahindi. Ugali wa mtama au wimbi ni mzuri, lakini nao hupimwa.

Msimu wa maembe ukifika, heri kula embe moja zima kuliko kunywa glasi ya juisi. Asali ya Kitui ni tamu na safi, ila mwilini bado ni sukari. Chai ya vijiko vitatu ipunguzwe hadi kimoja, kisha bila.

Mwili ufanye kazi

Dakika 150 za mazoezi kwa wiki zinatosha kuanzia, yaani dakika 30 kwa siku 5. Kutembea haraka kwenda sokoni badala ya kupanda bodaboda ni mazoezi. Kuchimba matuta ya fanya juu au kubeba maji huimarisha misuli, jambo linalofaa kufanywa angalau siku 2 kwa wiki.

Tahadhari

Wakazi waepuke vidonge na chai za kupunguza uzito zinazouzwa barabarani au mitandaoni bila idhini. Kufunga kula kwa siku nyingi pia hakufai, kwani uzito hurudi. Dawa kama metformin hutolewa na daktari baada ya uchunguzi. Aidha, mwenye PCOS anaweza kushika mimba bila kutarajia, hivyo asiyetaka mimba atumie njia ya uzazi wa mpango.

Wakati wa kumwona daktari

Hedhi ikikosekana zaidi ya siku 90, usingoje. Ukuta wa mfuko wa uzazi unaokaa muda mrefu bila kutoka huwa mnene, na baada ya miaka hatari ya saratani huongezeka. Matibabu yapo.

Wahamasishaji wa afya ya jamii wana mizani, vipimo vya shinikizo la damu na vya sukari, na wanaweza kumwelekeza mkazi kwenye kituo cha afya kilicho karibu. Mwanamke aende na tarehe za hedhi zake za miezi 6 iliyopita zikiwa zimeandikwa, na aulize kuhusu kipimo cha sukari. Waume na mama wakwe nao wana jukumu: kumsindikiza kliniki, na kuacha kumlaumu.