Kurudi ndani ya moto, ni kujiangamiza?

Wiki iliyopita hapa Mkiwa, njia panda ya kwenda Itigi, darasa langu la jioni lilifika Suratul Baqara aya ya 195, inayokataza watu kujitia katika maangamizi kwa mikono yao. Kijana mmoja akauliza: "Ustadh, aliyeingia kwenye nyumba inayoungua kuokoa watu akafa humo, naye kajiangamiza?"

Ndugu msomaji, swali hilo si la kupuuza. Niliwapa kisa cha Emmanuel Mensah, mzaliwa wa Ghana, askari wa jeshi la akiba la Marekani, umri miaka 28. Desemba 28, 2017 alikuwa nyumbani Bronx, New York, baada ya mafunzo. Hakuwa vitani wala hakupewa amri na mtu. Jengo lao la ghorofa liliposhika moto aliwatoa watu wanne, kisha akarudi ndani kutafuta wengine. Hakutoka. Waliofariki walikuwa 13. Jeshi likamtunuku nishani yake ya juu kabisa ya ushujaa usio wa vitani.

Je, alikosea kurudi? Abu Daud na Tirmidhi wamepokea kwamba huko Konstantinopo watu waliitumia aya hiyo hiyo kumlaumu mtu aliyejitosa peke yake katikati ya maadui. Abu Ayyub Al-Answaari (r.a.) akawasahihisha: iliwashukia wao Answaari, walipotaka kubaki nyumbani kushughulikia mali zao. Kumbe maangamizi yalikuwa kule kukaa!

Naye Sheikh Izzuddin bin Abdis-Salaam, Mshafi aliyefariki mwaka 660 Hijria, anasema kumuokoa anayezama kunatangulia Swala, na mfungaji asiyeweza kuokoa ila kwa kufungua, afungue, atalipa. Kwa maoni yangu anayeungua hana tofauti. Hii si ruhusa ya papara. Pawepo tumaini la kuokoa, na aliyekwishatoa wanne alikuwa nalo.

Lakini kilichonikaa moyoni ni mlango. Moto ule ulianzishwa na mtoto mdogo aliyechezea jiko. Mama akakimbia na watoto wake, mlango ukabaki wazi, moto ukapanda ngazi. Na Bukhari na Muslim wamepokea kuwa nyumba ilipoungua usiku Madina, Mtume (s.a.w.) aliuita moto adui na kuamrisha uzimwe kabla ya kulala.

Nikauliza ni nani ambaye kwao jiko la mkaa hulala ndani msimu wa baridi. Mikono ilinyooshwa mingi, na wangu ukiwamo.