Mzee Anahitaji Msemaji Mmoja

Mama presha inapanda, dawa anasahau, na nyinyi watoto mnapigiana simu usiku kucha. Kila mmoja ana lake. Kabla ya kutafuta daktari mwingine au dada wa kukaa naye, teueni mtu mmoja wa kumsemea hospitali.

Usimchague kwa sababu ndiye anayetuma hela. Huyo mara nyingi yuko mbali. Tafuta anayefika, asiyeona haya kuuliza mara ya pili, na ambaye mama humwambia ukweli. Anaweza kuwa mkwe au mpwa. Si lazima awe kifungua mimba. Mama mwenyewe ndiye wa kukubali au kukataa.

Siku ya kliniki, beba daftari la vipimo vya presha na sukari. Beba pia dawa zote kwenye mfuko: za hospitali, za dukani, na ile mizizi anayoificha chini ya godoro. Hiyo ndiyo daktari asiyoijua.

Daktari akikugeukia wewe, mrudishie mama: "Mama, mweleze daktari ulivyolala jana." Wewe jazia alichosahau.

Usibanduke dirisha la dawa hadi uelewe. Bahasha imeandikwa 1x3? Ni kidonge kimoja mara tatu kwa siku. Kabla ya kula au baada? Ile ya zamani anaendelea nayo au anaiacha? Uliza hilo hasa. Wapo wazee wanaomeza dawa ileile mara mbili kwa sababu pakiti zina majina tofauti ya kampuni.

Kwa Tanzania, mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo ana haki ya matibabu bure hospitali za serikali. Anzia kwa mtendaji wa mtaa au kijiji, ufuatilie kitambulisho chake mapema, akiwa bado mzima. Mkikwama hospitalini, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii.

Jioni msemaji atume voice note moja kwenye grupu la familia: kilichosemwa, kilichobadilika, tarehe ya kurudi. Mwenye swali amuulize yeye, asimpigie nesi.

Naye atachoka, au atasafiri. Mpeni msaidizi, aende naye kliniki mara mojamoja ili alizoee lile daftari na manesi wamjue sura.