Usisaini Kabla Shingo Haijasema

Barua ninayoijibu leo imetoka Mbagala, kwa mdogo wetu ambaye ni fundi cherehani. Nimeifupisha, na jina nimelihifadhi.

"Dada, shikamoo. Mwezi uliopita daladala niliyopanda iligongwa kwa nyuma na lori la mchanga. Sikutoka hata tone la damu, nikajipangusa vumbi nikaenda zangu nyumbani. Kesho yake shingo ikakaza. Sasa mkono wa kulia unaingia ganzi hadi dole gumba, na mkasi unaniponyoka. Nilipiga eksirei nikaambiwa mifupa iko sawa. Juzi mwenye lori kaja na mjumbe, kaniwekea laki tatu mezani na karatasi nisaini yaishe. Mume wangu anasema nichukue, maana hata kidonda sina. Nifanyeje?"

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Usisaini.

Najua laki tatu ni pesa, hasa cherehani ikiwa imefunikwa tangu mwezi jana. Lakini isome ile karatasi taratibu. Kwa kawaida karatasi za namna hiyo husema umelipwa, umeridhika, na hutadai tena chochote kutokana na ajali hiyo. Leo hujui kama ganzi hiyo itaondoka kwa vidonge na mazoezi au itakufikisha kwenye upasuaji, halafu unaombwa uifunge kwa laki tatu! Kama huyo bwana ana nia njema ya kukusaidia nauli na dawa, pokea, ila muandikishane mbele ya mjumbe huyohuyo kwamba ni msaada wa matibabu na madai yako yako palepale. Akikataa kuandika hivyo, umeshajua alichokifuata kwako.

Tuje kwenye shingo yenyewe. Shingo ina pingili saba. Kuanzia pingili ya pili kwenda chini, kati ya pingili moja na nyingine kuna diski, mto mdogo wenye ganda gumu nje na ute mzito ndani. Gari likigongwa kwa nyuma, kiti kinasukuma kiwiliwili mbele huku kichwa kikibaki nyuma, kisha kichwa nacho kinarushwa mbele. Hapo ganda la diski linaweza kuchanika, ute ukachomoza na kubana mshipa wa fahamu unaoteremka mkononi. Ndiyo maana pameumia shingoni lakini anayelalamika ni dole gumba. Mara nyingi zinazopata shida ni diski za chini, zile ambazo daktari huziandika C5/C6 na C6/C7.

Eksirei huonyesha mifupa. Diski na mishipa ya fahamu huonekana vizuri kwenye kipimo cha MRI. Kwa hiyo mtu aliyekuambia mifupa iko sawa alisema kweli, ila habari ya diski hakuigusa. Na maumivu ya shingo kuanza kesho yake, au hata siku kadhaa baada ya ajali, ni jambo ambalo madaktari wanalifahamu vizuri. Mumeo asikutie wasiwasi kwamba unajitungia.

Rudi hospitali wiki hii, ueleze ganzi na kuponyokwa na mkasi, kisha uulize kama unahitaji MRI. Kwa wewe wa Mbagala, Hospitali ya Rufaa ya Temeke wanaweza kukupima na kukuandikia rufaa kwenda MOI, Taasisi ya Mifupa pale Muhimbili, ikibidi. Usiogope kisu kabla ya wakati. Wengi hupata nafuu kwa dawa, mazoezi ya viungo na muda. Lakini miguu ikianza kulegea, ukawa unayumba ukitembea, au mkojo na choo vikakutoka bila kujijua, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo, usingoje kesho. Na tafadhali, shingo hiyo asiichue jirani kwa mafuta ya moto, wala kinyozi asiizungushe mpaka ilie "kak!" Mnavyopenda mchezo ule saluni, kwa diski iliyochanika unaweza kuzidisha madhara.

Sasa karatasi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na jeraha la diski ndivyo lilivyo. Halina plasta wala bandeji. Mbele ya kampuni ya bima au hakimu, kitakachokusemea ni maandishi.

Anza na PF3. Nenda kituo cha polisi kilichopima ajali yenu, uchukue fomu hiyo, daktari aijaze. Umechelewa kidogo na utaulizwa ulikuwa wapi. Sema ukweli kwamba maumivu yalianza kesho yake na eksirei ilikutuliza, na ile karatasi ya eksirei yenye tarehe iwe mkononi. Ukifika kwa daktari usiishie kwenye "shingo inauma." Maneno hayo hata mtu aliyelala vibaya anayasema. Mweleze ganzi inaanzia wapi na inaishia kidole kipi, kama unaamka usiku, na kazi gani mkono umeikataa. Kesho PF3, faili la hospitali na majibu ya MRI vikisimulia jambo moja, mtu wa kukupinga atakuwa na kazi.

Polisi pia huandaa taarifa ya awali ya ajali, PF115, ripoti ya ukaguzi wa gari, PF93, taarifa ya mwisho, PF90, pamoja na mchoro wa eneo la ajali. Bima huziomba hizo, kwa hiyo fuatilia nakala. Fuatilia na kesi ya trafiki ya dereva wa lori. Wengi mnadhani dereva akipigwa faini basi mmelipwa. Faini ile inakwenda serikalini, kwako haiji hata senti. Faida yako ni hukumu yenyewe: dereva akitiwa hatiani kwa uendeshaji wa uzembe, umepata ushahidi mzito wa nani alikosea. Ukiitwa shahidi, nenda.

Nani alipe? Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamlazimu mwenye gari la barabarani awe angalau na bima ya mtu wa tatu, ile tunayoiita bima ndogo. Nasikia wenye magari wakijitetea, "Mimi nina bima ndogo tu, haikuhusu wewe." Jamani! Bima ndogo haimtengenezei yeye lori lake, lakini iliwekwa kwa ajili ya watu kama wewe walioumizwa na gari lake. Namba ya usajili ya lori unayo au polisi wanayo. Ingiza kwenye TIRA MIS, mfumo wa mamlaka ya bima, TIRA, kwa simu, utaona kama bima ni hai na ni ya kampuni gani. Kisha peleka madai yako kwa maandishi kwenye kampuni hiyo, na nakala yako igongwe muhuri wa mapokezi.

Mkishindwana, kesi ya madai hufunguliwa dhidi ya dereva na mmiliki, na kampuni ya bima ipewe taarifa mapema. Ukishinda, sheria inaiwajibisha bima kulipa madhara ya mwili yaliyo ndani ya bima hiyo. Na tajiri wa gari asikwambie "yule dereva alikuwa deiwaka, mtafute mwenyewe." Kama alikuwa kwenye kazi ya tajiri, tajiri naye ana wajibu.

Unadai nini hasa? Kuna makundi mawili. La kwanza ni fidia mahsusi: gharama ulizotoa na kipato ulichopoteza, zinazohesabika. Mahakama ya Rufani ilishasisitiza tangu 1992 kwamba hizi lazima zitajwe moja moja kwenye madai na zithibitishwe. Kwa hiyo risiti ya kila kidonge, kila kipimo, kila bajaji ya kwenda mazoezi, iweke kwenye bahasha. Wewe huna hati ya mshahara, lakini lile daftari lako la oda, lenye vipimo vya wateja na malipo ya awali, ni ushahidi. Chapisha na miamala ya simu ya miezi kabla ya ajali na baada yake; pengo litaonekana lenyewe. Mteja aliyekuja na kitambaa chake ukamrudishia kwa sababu mkono haushiki mkasi anaweza kuwa shahidi wako.

Kundi la pili ni fidia ya jumla: maumivu, usingizi uliokatika, mtoto usiyeweza kumbeba, na uwezo wa kazi uliopungua kwa siku zijazo. Hii haina risiti, hakimu huikadiria. Hapo ndipo ripoti ya daktari bingwa inapobeba uzito, hasa ikieleza kama ulemavu ni wa muda au wa kudumu na ni kwa asilimia ngapi. Ripoti hiyo haiandikwi vizuri wiki ya nne. Daktari anahitaji kuona matibabu yamefika wapi. Hii ndiyo sababu kubwa ya mimi kukuzuia kusaini.

Jiandae na swali moja. Watasema: "Diski hii imechakaa kwa umri, siyo ajali." Ni kweli kwamba diski huchakaa, na MRI za watu wengi wa umri wa makamo huonyesha hivyo hata kama hawaumwi popote. Lakini anayekugonga anakuchukua kama alivyokukuta. Kama ulikuwa unainamia cherehani kutwa nzima bila ganzi, na ganzi imeanza baada ya ajali, basi kuzidisha tatizo lililokuwa limelala nako kunadaiwa. Mwombe daktari aandike hali yako ya kabla na ya baada. Na kama shingo iliwahi kukusumbua zamani, usifiche. Faili la zamani likiibuka mahakamani litaliangusha hata lile la kweli ulilosema.

Angalieni na kalenda. Kesi ya madai ya namna hii hufunguliwa ndani ya miaka 3 tangu ajali, na mazungumzo matamu ya "subiri dada, bosi amesafiri" hayasimamishi siku. Kwa wadogo zangu mlioajiriwa mkaumia mkiwa kazini, kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Michango yake hulipwa na mwajiri, mshahara wako haukatwi, na madai yapelekwe ndani ya miezi 12. Usimwachie mwajiri peke yake jukumu la kukumbuka.

Jihadhari na vishoka. Anayekukuta kitandani hospitali akikuahidi mamilioni na kukusainisha karatasi tupu, mfukuze. Wakili awe na leseni, na makubaliano ya malipo yawe kwenye maandishi. Ukikosa uwezo, mashirika kama TAWLA na LHRC hutoa msaada wa kisheria. Kampuni ya bima ikikuzungusha, peleka malalamiko TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Kwa hiyo mdogo wangu, mrudishie huyo bwana karatasi yake bila saini, kwa heshima na bila ugomvi. Kesho asubuhi uanzie kituo cha polisi, kisha hospitali, na mumeo akusindikize amsikie daktari kwa masikio yake. Na ninyi wengine mnaosoma: gari mlilopanda likigongwa, pigeni picha namba za magari yote, chukueni simu ya abiria mmoja wa kuwatolea ushahidi, na mpimwe siku hiyohiyo hata kama mnajiona wazima.