Biti 8 ao biti 16? Somo juu ya picha nyeusi na nyeupe



Katika nyumba nyingi za Bukavu, toka Kadutu mpaka Ibanda, kuko picha za zamani, nyeusi na nyeupe: arusi ya babu, darasa la mama, mtumbwi kwenye ziwa Kivu. Karatasi inaliwa na unyevu, njo maana wengi wetu tunazipitisha kwenye skana. Skana inauliza: biti 8 ao biti 16? Tusibonyeze ovyo.

Biti ni nini? Biti 1 inasema mambo mawili tu: nyeusi ao nyeupe. Kila biti unayoongeza inazidisha hesabu mara mbili. Biti 8 zinatoa ngazi 256, toka nyeusi kabisa mpaka nyeupe kabisa. Biti 16 zinatoa 65,536. Picha ya rangi iko na ngazi 256 mara tatu, za nyekundu, kijani na buluu, na zikichanganyika zinapita milioni 16. Picha ya kijivu iko na 256 basi.

Kwa kuangalia tu, 256 zinatosha. Shida inaanza wakati wa kutengeneza. Tuseme uso wa babu umekaa gizani, katika ngazi 40 tu. Tukiuvuta ili uonekane, zile 40 zinatandazwa mahali pa 120. Hazizai zingine, katikati kunabaki matundu. Shavu linaonekana kama limekatwa vipande, na mbingu juu ya ziwa inatoka mistari. Katika biti 16, kipande kile kile cha giza kiko na nafasi ya ngazi 10,240. Na sisi watu weusi, sura zetu mara nyingi ziko upande wa giza wa picha. Basi jambo hili linatuhusu sana.

Tufanye hivi:

1. Tuskani kwa biti 16 za kijivu, tuchunge katika TIFF. JPEG ya kawaida inabeba biti 8 tu.

2. Tutengeneze mwanga na giza tukiwa bado katika 16. GIMP, programu ya bure, inaweza kazi hiyo tangu toleo la 2.10, la mwaka 2018.

3. Mwisho kabisa tutoe nakala ya biti 8, ya kutuma kwa simu ao kuchapisha.

Bei yake ni nafasi: picha ya pikseli milioni 12, isipobanwa, inakula megabaiti 12 kwa biti 8, na 24 kwa biti 16. Kama picha haihitaji kuguswa, biti 8 haina neno.

Lakini tusidanganyike: kugeuza biti 8 kuwa 16 hakurudishi kilichopotea. Ukimimina kikombe cha maji ndani ya pipa, chombo kimekuwa kikubwa, maji ni yale yale.

Zoezi: biti 12 zinatoa ngazi ngapi? Na ukurasa huu ulio mkononi mwako, ambapo wino upo ao haupo, ni wa biti ngapi?

Sisi, wanafunzi wa mwaka wa mwisho