Tuuinue Moto Kutoka Sakafuni



Wodi yetu ya watoto haikosi walioungua, hasa majira ya baridi, familia zinapoota moto jikoni. Nikiwauliza wazazi, jibu ni lile lile: "Sista, alikuwa akicheza akaangukia mafigani." Wakubwa nao wamo. Nakumbuka binti mmoja mwenye kifafa aliyeanguka motoni akipika peke yake. Majirani walifika upesi, lakini waliogopa kumgusa kwa sababu ya povu lililomtoka mdomoni. Alipona, ila vidole vya mkono wake wa kulia vilishikana.

Tuelewane kwanza: kifafa hakiambukizwi kwa mate, kwa povu wala kwa kumgusa mgonjwa. Ukimkuta motoni, mvute mara moja.

Tena, moto wenyewe tuuondoe sakafuni. Somo la leo ni namna ya kujenga kitako cha jiko la kuni, yaani meza ya udongo ambayo jiko hukaa juu yake. Kitako humzuia mtoto asitumbukie motoni, hupokea makaa yanayodondoka, na humpumzisha mama mgongo.

VIFAA
Tofali za kuchoma au mawe makavu, kifusi, udongo wa kichuguu au wa mfinyanzi, mchanga, nyasi kavu zilizokatwa fupi, na maji. Mawe yaliyotoka mtoni yasikae karibu na moto, kwani yakiwa na unyevu huweza kupasuka kwa kishindo.

NAMNA YA KUJENGA
1. Chagua mahali pasipo na upepo wa mlango, mbali na rundo la kuni. Kama ukuta ni wa mbao au matete, acha nafasi ya mtu kupita kati yake na kitako.

2. Pima. Kwa jiko lenye upana wa sentimita 60, kitako kiwe na urefu wa sentimita 120 na upana wa 100. Hivyo utabaki na sentimita 40 mbele ya mdomo wa jiko, makaa yanakoangukia, na 20 kila upande mwingine. Mpishi atasimama ubavuni, si mbele ya mdomo.

3. Chimba msingi wa sentimita 15, panga mawe, kisha inua kuta nne kwa tofali na udongo mpaka kimo cha sentimita 60 hivi.

4. Jaza kifusi ndani kidogo kidogo, ukishindilia kila tabaka. Usipokishindilia, kitako kitatitia na jiko litapasuka.

5. Juu panga tofali zikilala, kisha siriba kwa udongo uliochanganywa na mchanga na nyasi, unene wa sentimita 5. Jaribu mchanganyiko kwanza: finyanga donge, lianike kivulini. Likipasuka, ongeza mchanga. Likimong'onyoka, ongeza udongo. Usisiribe kwa saruji, maana hupasuka kwa joto.

6. Acha kikauke wiki 2 au 3. Ziba nyufa. Kisha jenga jiko, nalo likauke, na siku za mwanzo uwashe moto mdogo tu.

Usisahau dirisha, na bomba la moshi likiwezekana, lisipite karibu na nyasi za paa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo vya watu wapatao milioni 3.2, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka mitano.

TUSIJIDANGANYE
Kitako hakimlindi mtoto dhidi ya kila kitu. Mtoto wa miaka miwili mkono wake hufika juu ya sentimita 60. Mpini wa sufuria uelekee ndani, na uji wa moto usiachwe ukingoni. Usiweke kigoda karibu, atakipanda. Mwenye kifafa asipike peke yake, na asiache dawa zake hata akijisikia mzima.

MTU AKIUNGUA
Nguo ikishika moto, mlaze chini, mviringishe au mfunike blanketi. Kisha mwagia sehemu iliyoungua maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20; kata na mtungi vinatosha. Vua nguo na bangili, ila kilichoganda kwenye ngozi usikibandue. Sehemu nyingine za mwili zifunike, mtoto asipate baridi. Usipake dawa ya meno, mafuta, yai, majivu wala kinyesi cha ng'ombe: tunalazimika kuvisugua tena hospitalini, na mtoto analia mara mbili. Usipasue malengelenge. Funika kwa kitambaa safi.

Mlete hospitali bila kuchelewa ikiwa ni mtoto mdogo, ikiwa jeraha linazidi kiganja cha mgonjwa, au likiwa usoni, mkononi, kwenye kiungo au sehemu za siri.

Akina baba, kazi hii haihitaji fundi wa kulipwa. Ni tofali, udongo na Jumamosi chache. Jioni ya leo simameni jikoni pamoja na mama wa nyumba, mpime mahali pa kitako, mkiwa na yule mdogo anayeanza kutembea. Yeye ndiye mnayemjengea.